Kasri Lililofunguliwa kwa Teke

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kiherehere kisicho na kipimo, na mwaka ule chote kilielekea kwenye kasri la Kitisuru. Lilikuwa jumba la mawe lenye minara miwili, lililojengewa mwanamfalme wa ng'ambo aliyependa kuwinda. Mwanamfalme alishakufa zamani, simba aliyemwinda akakaushwa na kusimamishwa ukumbini, na jumba likawa makumbusho. Baba, fundi wa mawe, alikuwa amekarabati ukuta wake. Akatuahidi mimi na pacha wangu kwamba Jumapili moja tungeenda kuona kitanda na upanga wa mwanamfalme. Usingizi uliniruka wiki nzima.

Mimi ni Mulongo, niliyezaliwa wa pili, na kaka yangu ni Mukhwana. Kwetu Wabukusu majina hayo hayatafutwi. Ukizaliwa pacha umeyakuta yakikungoja.

Jumapili yenyewe ilipofika, Kukhu, yaani bibi mzaa baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bungoma. Alifunga kitambaa kichwani akasema twende sote. Tulitoka kanisani Kangemi tukateremka kwa miguu, mimi na Mukhwana tumevaa viatu vya kufanana vilivyonunuliwa mtaa wa River Road, tukitimua mbio mbele kama ndama waliofunguliwa. Kwenye foleni, nikichungulia kupitia mlango mkubwa wa mbao, nikaliona sikio la simba. Sikio zima, jamani! Nusura nipige ukelele.

Tulipofika kizingitini, Kukhu akatudaka kola.

"Hawa ni pacha," akamwambia askari wa mlangoni. "Hawaingii nyumba ya mfalme hivi hivi. Funga mlango, ufunguliwe kwa teke na mtu amezaa pacha. La sivyo mmoja wao atabaki humo ndani."

Kwetu pacha wakizaliwa, mama hukaa nao ndani mpaka aje mzazi mwingine wa pacha aupige mlango teke, watu wakiimba na kucheza. Baba hakufaa, kwa maana mtu hajifungulii mwenyewe. Hayo tulikuwa tukiyasikia tangu tukiwa wadogo, lakini ya kubaki ndani yalikuwa mapya. Mukhwana alinishika mkono, na wake ulikuwa baridi.

"Mama, tafadhali," Baba alinong'ona. "Si tumetoka church saa hii?"

"Na huyo Mungu wa church ndiye alikupea wawili."

"Shosho," askari akasema, "tunakaribia kufunga. Mnaingia ama hamuingii?"

Machozi yalinilengalenga. Simba alikuwa pale pale, na mimi ningerudi Kangemi na sikio tu! Kukhu hata hakunitazama. Aliigeukia foleni, akapaza sauti.

"Ni nani hapa amezaa pacha?"

Watu waliangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha, nyuma kidogo, mwanamke aliyevaa miwani myeusi na viatu virefu, ufunguo wa gari mkononi, akainua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu.

"Wako wapi?" Kukhu akamuuliza.

"Mmoja ako nyumbani na dad yake. Mwingine..." Alivua miwani. "Mwingine hakulia. Watu huniambia nishukuru nimebaki na mmoja."

"Sijauliza wamebaki wangapi. Nimeuliza nani amezaa pacha."

Yule mama aliikunja miwani. "Ni mimi," akasema.

"Basi njoo utufungulie."

Askari, ambaye naye lafudhi yake ilikuwa ya huko kwetu, aliufunga mlango bila kuambiwa tena. "Piga kabisa, madam," akasema.

Alivua viatu. Teke la kwanza lilikuwa la adabu, mlango ukatikisika tu. La pili alilipiga kama mtu anayedai chake, ukafunguka mpaka ukagonga ukuta. Kukhu akapiga vigelegele, na foleni iliyotucheka ikavidaka. Tuliingia tukikimbia! Upanga ulikuwa mrefu kumpita Mukhwana, kitanda kilikuwa kifupi ajabu, na simba alikosa jicho moja. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa, ila mkono wa Mukhwana sikuuachilia.

Tulipotoka, yule mama alikuwa ameketi ngazini na Kukhu, miguu bado mitupu. Kasri hakuliona hata kidogo.

"Kwetu, ukizaa pacha wewe ni Mama Pacha," Kukhu alikuwa akimwambia. "Mtoto mmoja akienda, jina haliendi."

"Hakuna mtu amewahi kuniita hivyo."

"Mama Pacha!" Kukhu akaita kwa nguvu, kana kwamba yule mama yuko ng'ambo ya mto.

Yule mama alijiziba mdomo. Mabega yalimtikisika. Kisha akaondoa mkono akaitika, "Niko hapa."

Mukhwana siku hizi hucheka akikumbuka, na husema mlango ule haungetufanya kitu. Huenda. Mimi siku ile nilimwona Kukhu mshamba aliyetaka kuninyima simba, na nilimkasirikia kwelikweli. Tangu nikue nimekutana na akina mama wengi, na nikimsikia mmoja akisita anapoulizwa ana watoto wangapi, simkatizi. Humngoja amalize kuhesabu.