Unga Tuliouzuia Wakati wa Ukame

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kupima chochote. Mkuu wa Maabara, bwana mrefu aliyetoka magharibi mwa nchi akaipenda Garissa hadi akasahau kuomba uhamisho, alinikalisha mbele ya hadubini na kuniwekea tone la suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa.

"Unaona nini, Bi Hawa?"

"Vijiti vidogo, daktari. Vingi."

"Ni vizuri au vibaya?"

"Vizuri. Mama yangu alinilea kwa maziwa haya."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mama yako simjui, na vijiti hivi wewe bado hujavijua. Hapa mtu hasemi kizuri. Anasema ni nani, anatoa nini, na amebeba nini."

Maswali hayo matatu yakawa kazi yangu. Mnaosoma haya mnajua kwamba siku hizi bakteria hai hutiwa makusudi kwenye mtindi, na hata kwenye chakula cha mifugo ili tumbo la mnyama lisage vizuri. Wengi wao hawana madhara, lakini lazima mtu awachunguze kwanza. Ni nani, maana bakteria wawili wa ukoo mmoja wanaweza kutofautiana, huyu akakuchachushia maziwa, yule akakulaza hospitalini. Anatoa nini, yaani kama anatengeneza sumu. Amebeba nini, yaani kama ana usugu wa dawa, na kama anaweza kuwagawia bakteria wengine usugu huo.

Nilianza kwa kuchemsha agari, ule uji unaoganda kwenye sahani ili bakteria waote juu yake. Harufu yake ilikuwa kama ya supu iliyosahauliwa jikoni, na wageni walikuwa wakiziba pua. Leo ningetoa chochote niinuse tena. Baadaye nikapelekwa Wajir kukusanya sampuli za maziwa sokoni, kisha nikarudishwa Garissa nikiwa Mtaalamu Mwandamizi. Hapo ndipo ukame ulipotukuta.

Mfanyabiashara mmoja alileta malori ya chakula cha mifugo yaliyokuwa yakienda Wajir. Chakula kilikuwa kimeshachanganywa na unga wenye bakteria hai, kwa hiyo kuuzuia unga ilikuwa ni kuzuia chakula chote. Magunia yakawekwa ghalani, sampuli ikaja mezani kwangu.

Niliwaotesha bakteria wale, nikaweka juu yao vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Dawa ikiwaua, hubaki duara safi kuzunguka karatasi. Asubuhi iliyofuata nikaona maduara mazuri, isipokuwa kwenye karatasi moja. Hapo bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni. Dawa yake ilikuwa ya jamii ya ile ya manjano ambayo wafugaji wetu huwadunga ngamia wao wakiugua, na binadamu pia hutibiwa kwa jamii hiyo.

Mkuu aliitazama sahani. "Huenda usugu huu ni maumbile yake tu, na hawezi kumpa mwingine. Nairobi watatusomea vinasaba vyake. Itachukua wiki kadhaa." Kisha akauliza, "Una watu Wajir?"

"Mjomba wangu."

"Ukitaka, kazi hii nimpe mwingine."

"Hapana, daktari. Acha niimalize."

Mjomba huyo ni Abti Noor. Kwetu mjomba na mpwa wake huitana jina hilo moja, abti. Ndiye aliyenipeleka shule wakati ukoo mzima ulisema msichana abaki na mbuzi. Alinipigia simu siku ya tatu.

"Abti, wanasema chakula kipo Garissa na wewe ndiye umekikalia."

"Bado tunapima, abti. Kuna wadudu ndani yake ambao hatujawaelewa."

"Ngamia wangu hawasimami tena. Wewe unaogopa mdudu usiyemwona?"

"Akiingia kwenye mifugo, siku moja dawa haitafanya kazi. Si kwa ngamia tu. Hata kwa watoto."

"Siku moja," alisema. "Mimi nakuambia habari ya leo." Akakata simu.

Nilikwenda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye sahani zangu.

Majibu ya Nairobi yalipofika, usugu ule ulikuwa wa aina inayohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Niliandika kwamba chakula kisitolewe, Mkuu akatia sahihi chini yangu bila kubadilisha neno. Chakula kingine kilipatikana, lakini kilichelewa. Abti Noor alibakiwa na ngamia watatu kati ya kumi na mmoja. Siwezi kuwaambia kwamba hakuna aliyeumia kwa kalamu yangu. Nimeyapima haya mara nyingi, na kila mara naandika jibu lile lile, na kila mara linaniuma.

Hakunipigia simu kwa misimu miwili ya mvua. Nilituma salamu, hazikujibiwa. Kisha simu ikaita nikiwa maabara, nikaona jina lake. Hakutaja ngamia.

"Abti, mwanangu ameniletea maziwa mazito ya kopo kutoka dukani. Wanasema yana wadudu hai. Ninywe?"

Nilivuta kiti nikakaa. "Nisomee yaliyoandikwa kwenye kopo."

Alimwita bintiye akasoma, herufi kwa herufi. Aina ile ya bakteria niliifahamu. "Kunywa, abti."

"Haya. Ukisema wewe, basi nakunywa."

Tangu hapo alinipigia kwa kila kopo jipya, hata lile alilokwisha kuliulizia, mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Mkuu naye alistaafu akarudi kwao, na mimi nikamfuata kustaafu. Sasa naishi mtaa wa Iftin, hapa hapa Garissa. Maabara ina vijana hodari na mashine zinazofanya kwa siku moja kazi iliyotuchukua wiki, nami nashukuru kwa hilo. Hapa nyumbani mtindi huwekwa mezani na wote huanza kula. Mimi huchelewa kidogo, kijiko mkononi, nikingoja mtu aniulize.