Mpini wa Mikono Miwili

Sebuleni, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu hapa Ihembe, nimetundika stashahada yangu. Chini yake upo upanga wa Kijapani, wa mfano tu, nilioununua mwenyewe nilipofika Japani. Nikiupaka mafuta, harufu hunirudisha kwa mama, akipaka samli mhoro wake, ule mundu wa migomba.

"Mama, leo nikate mimi."

"Wewe? Utanikata miguu!"

Nilimwomba msimu mzima. Siku moja akanipa. Mkono wake, mweusi kwa utomvu, ukafunika wangu, tukakata pamoja, mkungu ukatuangukia mabegani.

"Haya, mwanaume!" akacheka.

Wageni huusifu upanga wangu. Mpini wake ni wa mikono miwili. Mimi huushika kwa mmoja; nafasi ya pili namwachia mama.