Nilimpangia baba diet ya kisukari, shangazi akamrudishia hamu ya kula

Wakuu, salaam. Haya yametokea nyumbani kwetu Bagamoyo, na siongezi chumvi.

Mzee wangu ni fundi wa kushona kanzu. Alipogundulika ana kisukari, mimi msomi wa familia nikajipa uongozi.

Nikapiga marufuku nazi, wali, muhogo, maandazi. Dada wa kazi nikamwachia maagizo: mboga za kuchemsha, samaki wa kuchemsha, basi.

Mzee hakubisha. Akawa anakula peke yake chumbani, maana sinia la wenzake wa nyumbani lilikuwa na vitu nilivyomkataza.

Mimi huku Dar nasifiwa kazini kwa kumjali baba!

Mwezi wa pili wa diet hiyo nikaenda kumwona. Amekonda, kanzu inampwaya. Sahani imejaa, imepoa.

"Baba, mbona huli?"

"Nakula, mwanangu. Nakula dawa."

Nikaichukua ile sahani, nikairudisha jikoni.

Nikampigia dada yake, shangazi Mwanaidi wa Fukayosi. Alipofika hakunigombeza. Alimuuliza mzee swali ambalo mimi sikuwahi kumuuliza:

"Kaka, kitu gani ukikikosa unaona hujala?"

Mzee akaona haya. "Muhogo wa nazi. Na kula na watu."

Kesho yake tukaenda naye kliniki. Shangazi hakusoma sana, lakini alivyombana yule mtaalamu wa lishe kwa maswali, ungedhani jamaa yuko kwenye interview. Muhogo kiasi gani? Tui je? Akila na mboga nyingi?

Ijumaa akaingia jikoni mwenyewe.

Changu wa kuchoma, kapakwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Mchicha na bilinganya, tele. Muhogo wa mzee vipande viwili tu, kwa tui la pili, lile jepesi.

Akatandika mkeka, sinia moja kwa wote. "Kaka, karibu tule."

Mzee akala. Akapiga soga, akacheka, akalamba vidole. Mimi nikainama namtolea samaki miiba, nisionekane uso.

Leo mwili umerudi, na kliniki wanasema vipimo vinaenda vizuri.

Shangazi namvulia kofia. Mimi nilitibu sukari nikamsahau baba. Kiasi muulizeni mtaalamu, ila ladha muulizeni mwenye mdomo wake.

Wenye wazazi wa kisukari, kwenu mnapikaje? Tiririkeni, na anayetaka kunisema aniseme tu, nimestahili.