Sanduku la Barua la Mzee Jivani

Jumamosi, katikati ya Novemba, Walthamstow, London. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Saa kumi haijafika na taa za barabarani zimeshawaka.

Nakumbuka siku moja nilipolichafua jina la mtu mzima mbele ya duka lake mwenyewe, nikiwa na umri kama wako, Rehema mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa ni mjukuu, maana miaka yote mama yako alipokuwa zamu hospitalini nilikulea mimi. Wewe sasa uko juu chumbani, umefunga mlango. Nami nakuandikia hapa kwenye daftari, kwa sababu nikikueleza kwa mdomo nitaipamba hadithi. Kalamu yangu ni ya darasa la saba. Mara nyingi nikisoma niliyoandika jana naona nimejipendelea. Leo nitajitahidi nisijipendelee.

Kwanza niyaweke ya leo sawasawa, nisikuonee. Gauni lako la mahafali uliliagiza mtandaoni, liletwe duka la kona kwa Bwana Kumar, anakopokea vifurushi vya mtaa mzima. Ukaenda mara tatu, mara tatu akasema hakioni kifurushi chako. Ukaandika kwenye ukurasa wa duka lake, ukampa nyota moja, ukasema anaiba vifurushi vya watu. Chini yako watu watano wakaongeza yao. Asubuhi hii gauni limeonekana: dereva aliliacha duka jingine, kule kwenye kituo cha basi, na ujumbe wa kukuarifu ulikuwa ndani ya simu yako siku zote hizo. Kusema haki, dereva naye alikosea. Ukaniambia kwa Kiingereza chako, "Nimeshafuta, Bibi, yameisha." Nikakwambia hayajaisha. Hapo ndipo ulipopanda juu.

Basi sikiliza.

Kwetu ni Mombo, mji mdogo chini ya milima ya Usambara, pale treni ya Tanga ilipopumzika na magari ya Lushoto yalipoanza kupanda. Mji wenyewe barabara moja. Ukibandika maji ya chai ukamtuma mtoto mwisho wa mji, angerudi kabla hayajachemka. Lakini ndani ya ufupi ule kulikuwa na watu ambao mpaka leo nikiwakumbuka, mkono wenye kijiko cha kupikia husimama.

Kulikuwa na fundi saa, Bwana Athumani. Alikuwa anaibana saa ya mtu kwa meno, anafumba macho, kisha anakwambia inaumwa wapi. Alisema masikio yamejaa kelele za mji, meno hayajajaa. Kulikuwa na Mshihiri, Mwarabu wa tanuri la mkate. Mkesha wa Idi wanawake walimpelekea masinia yao ya mikate, arobaini huenda, yote meupe yenye ukingo wa buluu, yote sawa, wala hakuandika jina hata moja. Asubuhi kila mtu alipewa lake. Mama aliwahi kumjaribu, akajidai sinia la jirani ni lake. Mshihiri akamwambia, "Mama Zaina, hiliki yako haina ukali huu." Na kulikuwa na mashine ya kusaga, ambako watu hawakupanga foleni, madebe ndiyo yaliyopanga. Unaliweka debe lako la mahindi, unakwenda zako shamba, unarudi mchana unalikuta limesogea kwa zamu yake, na hakuna aliyechota hata konzi. Debe lilikuwa mtu.

Sisemi hapa London hakuna watu wa namna hiyo. Yule muuza vitambaa sokoni hukikata kitambaa kwa jicho, ukipima kwa futi hukuti kosa. Nasema tu kwamba nilikuwa mtoto katikati ya mabingwa, nikadhani ndivyo dunia ilivyo, sikuona cha kushangaa. Mshangao umenijia uzeeni, na wengi wao hawapo kuupokea.

Sasa Mzee Jivani. Alikuwa Mhindi mwenye duka la katikati, mwembamba, kilemba hana, miwani imefungwa kwa uzi. Kisambaa alikijua kuliko mimi. Posta ilikuwepo, lakini sanduku la posta lilikodiwa na wachache, hivyo nusu ya watu wa mji na vijiji vya milimani walitumiwa barua kwa sanduku la duka lake. Nyuma ya kaunta alikuwa na ubao wenye vijumba vijumba. Hakuupanga kwa majina, maana majina ya watu wetu yalirudiwarudiwa. Aliupanga kwa njia: wa mlimani huku, wa mashamba ya mkonge huku, wa ng'ambo ya reli kule chini. Barua ikifika, alimtazama anayepita dukani na kumwambia, "Wewe unapanda leo? Mwambie mama mwenye mwana jeshini, barua ipo." Na mama yule angeshuka kesho yake. Hakuwa analipwa kwa hilo. Ila nisimfanye malaika: watu walinong'ona kwamba mizani yake ya sukari ilikuwa nyepesi kidogo. Sikuwahi kuipima, kwa hiyo siwezi kuapa upande wowote.

Mwaka huo nilikuwa naisubiri barua ya chuo cha wauguzi wasaidizi. Mwenzangu Mwanaisha alipata yake. Mimi nikaenda dukani wiki nzima, kila siku, mpaka waliokaa barazani wakaanza kunitania. "Binti Hoza, umeposwa na posta nini?" Kila siku Mzee Jivani aliniambia lile lile, bila kuinua macho: "Kwangu haipo, binti."

Siku ya nane ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, duka limefurika. Mwanaisha alikuwa ameshaondoka kwa treni ya asubuhi. Nikasimama mbele ya kaunta nikapaza sauti: "Mzee huyu ameificha barua yangu."

Mwanangu, huwezi kujua neno kuficha lilikuwa na uzito gani miaka ile. Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni ya shida, sukari ya shida, na mwenye duka akitajwa kuwa ameficha, mgambo hao. Nilisema barua. Mtu wa nyuma akasema, "Anayeficha barua ataacha kuficha sukari?" Basi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, maana dole linauma wewe peke yako.

Mgambo walikuja kabla ya adhuhuri. Wakapekua mpaka uvunguni mwa kitanda cha mkewe. Sukari ya kuficha hawakuipata, wala barua yangu. Lakini ule ubao waliung'oa ukutani kutazama nyuma yake, na barua za watu zikamwagika sakafuni, watu wakazikanyaga kwa miguu ya matope. Mzee Jivani alipiga magoti, akaziokota moja moja, akizifuta kwa shati lake alilovaa. Hakunitazama. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilirudi nyumbani nikijiona shujaa. Hilo nimeandika nikafuta, nikaandika tena, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wiki mbili baadaye nikawa nalipiga brashi koti la baba la sikukuu. Ndani ya mfuko nikagusa bahasha. Barua yangu. Imefunguliwa kwa kisu, vizuri, na siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imepita siku kumi.

Usimhukumu baba haraka. Dada yangu Zaina alikwenda Tanga kufanya kazi za ndani, akarudishwa maiti, amefungwa shuka. Baba aliketi kwenye kigoda, akalitazama lile koti, akasema, "Kila siku nilitaka nikupe kesho." Nikamuuliza aliipataje. Akasema Mzee Jivani alimkabidhi mkononi, siku ile ile ilipofika, maana kwa desturi barua ya binti alipewa baba. "Na siku ya gulio?" Baba akalichukua koti, akalikunja. Alikuwepo barazani, mwanangu. Aliona yote.

Sasa kaa na jambo hilo kama nilivyokaa nalo. Yule mzee alijua barua iko kwa nani. Neno moja tu, "Kamuulize baba yako," na mgambo wasingeingia. Akaona afadhali duka lake lipinduliwe kuliko kumvunjia mtu heshima mbele ya mwanawe. Pengine aliogopa tu kwamba hakuna atakayemsadiki, hilo nalo laweza kuwa kweli. Lakini siku nane nzima hakuniambia uongo hata mara moja. Alisema kwake haipo, na kwake haikuwepo.

Nilikwenda kwake kesho yake, alfajiri, kabla hajafungua. Nikapitia mlango wa nyuma, nikamkuta katikati ya magunia akipima majani ya chai. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi.

Hakuacha kupima. "Siku ile ulipokuja, walikuwepo watu wangapi?"

"Wengi, mzee."

"Na leo?"

"Mimi na wewe."

"Basi bado hujaja," akasema.

Nikalia. Nikamwambia nikisimama mbele ya watu watauliza barua ilikuwa wapi, na baba ataaibika. Hapo ndipo alipoweka kibati chake cha kupimia chini, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nimekwambia useme ya baba yako? Yako hayatoshi? Sema ya kwako."

Alhamisi iliyofuata nilipanda juu ya kreti la soda pale barazani. Chupa zikalia chini ya miguu yangu. Nikasema barua yangu imepatikana, haikuwa kwa Mzee Jivani, nilimsingizia, nimekosa. Wakauliza ilikuwa wapi. Nikasema hilo silijibu. "Ehee, posta imemtaliki!" mmoja akasema, na gulio zima likacheka. Bibi mmoja wa mlimani hakucheka. Alinyanyua bahasha yenye alama ya kandambili akaniuliza, "Na hii yangu iliyokanyagwa, utaisafisha kwa maneno?"  Kuanzia siku hiyo mpaka mvua za vuli nilipanda milimani kwa miguu, nikiwapelekea watu zile barua zilizochafuka, nyumba kwa nyumba, nikieleza upya kila mlango. Mzee Jivani alinipangia njia kwa kichwa tu: mti huu, kijito hiki, nyumba yenye mbuzi mweupe. Sikupotea hata mara moja. Mpaka leo najiuliza mtu mmoja aliuwekaje mlima mzima kichwani.

Chuo nilikwenda mwaka uliofuata. Baba mwenyewe alinipeleka stesheni, amevaa lile koti.

Nisikudanganye kwamba mambo yote yalirudi. Walikuwepo waliohamishia barua zao kwingine wasirejee. Miaka michache baadaye Mzee Jivani alifunga duka akaondoka na familia yake. Nilipofika huku, niliambiwa huenda wako Kenton, upande mwingine wa London. Siku moja nikashuka kule, nikaingia duka moja la viungo nikauliza, mwenye duka akasema hamjui. Sikuuliza duka la pili. Nimeishi nchi hii miaka yote hii, na duka la pili sijaliuliza. Kwa hiyo ujue anayekuonya si mtu aliyefuzu.

Nasaha yangu ni fupi, nayo si yangu, ni ya mtu aliyekuwa akipima majani ya chai. Ukimvunjia mtu jina mbele ya watu, mjengee mbele ya watu. Kufuta si kusema, mwanangu, kufuta ni kuomba radhi nyuma ya magunia. Wale watano walioandika chini yako bado wanaamini. Pia usitafute wa kumtupia, si dereva, si simu, hata kama wana sehemu yao, wao watasema yao siku yao. Na mwenye duka linalopokea vitu vya watu mheshimu, maana amebeba mtaa mzima kwenye rafu zake, na wengi wetu hatumwoni mpaka kitu kikosekane.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mzito wa kushtaki. Akujalie uvae gauni lako bila doa moyoni, na siku ukikosa, akukutanishe na mtu atakayekwambia bado hujaja.

Jioni. Nilikusomea haya mlangoni kwako, polepole, nikiruka niliposhindwa kuusoma mwandiko wangu mwenyewe.  Kisha ukashuka na koti, ukatoka bila mwavuli. Umerudi umelowa nywele. Umeniambia dukani walikuwepo watu wanne, kwamba mmoja alicheka, na kwamba Bwana Kumar alisema asante tu, akamgeukia mteja wa nyuma yako. Nikakwambia ndivyo inavyokuwa, hakuna anayekupigia ngoma. Ukakaa hapa mezani ukaandika tena kwenye ukurasa wake, kwa jina lako kamili. Tumekula wali na maharage ya nazi. Kopo la tui umelinunua kwake.