Kiraka cha Risasi

Asmani nilimwonea kijicho miaka yote niliyomjua, na nalisema hili mapema ili mtu asidhani namsifu rafiki. Alikuwa jirani yangu hapa Rumonge, mchongaji wa mbao kama mimi, mdogo wangu kwa umri, na hakunikosea hata siku moja. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikukosea unamnunia, unapata nafuu. Asmani alikuwa akinisalimu kila asubuhi kwa mikono miwili, nami narudi ndani nimevimba.

Alivuka ziwa kutoka Ubembe wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, mkononi ana shoka dogo na tezo, begani ana mkeka. Baba yangu alitoka Ujiji akafuata biashara ya chumvi, akajenga hapa, na kazi ya kuchonga makafi niliirithi kwake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha Asmani miti mizuri inapoota, nikamwachia na kona ya baraza yangu mpaka alipopata yake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona.

Haukupita mwaka, wavuvi wakaanza kusema kafi la Asmani halichoshi bega. Siku moja nikamkuta mke wangu Zuwena anatwanga huku anaimba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, nikauliza mchi ule umetoka wapi. Akasema ni wa Asmani, na ukiushika unajitwangia wenyewe. Nikauficha darini. Kesho yake Zuwena akaazima mwingine kwa jirani, nao ulikuwa wa Asmani.

Lakini kitu kimoja hakuwa amenichukulia. Sisi wachongaji wa mwambao huu tulikuwa na desturi yetu. Ukichonga umbo ambalo hujawahi kulichonga, hulitoi kwa mwenyewe kabla ya kulionyesha kwa fundi aliyekutangulia. Yeye analipima mara tatu: kwa jicho, kwa mkono, kisha kwa kazi yenyewe, kafi linatiwa majini, mchi unatwanga. Akisema ndiyo, umemaliza. Akisema rudia, unarudia, hata kama moyoni unamwona mzee amepitwa. Rumonge nzima mpimaji alikuwa mimi. Wachongaji wa Minago na Gatete waliniletea kazi zao, nami nilizigeuza polepole makusudi ili wasubiri. Sikuwa na mali wala jina la ukoo. Nilikuwa na hilo tu. Na kila nilipoona watu wamejaa barazani kwa Asmani, niliwaza jambo moja: iko siku kazi zitapelekwa kwake zikapimwe, na watu watapita mlangoni pangu bila kugeuza shingo.

Ndipo akaja daktari wa Kidachi kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Tulimwita Bwana Malale. Alishika kila mtu shingo kutafuta tezi, akaamuru vichaka vyote vya ufukweni vifyekwe ili mbung'o wakose kivuli. Tulifyeka miezi miwili. Mbuzi wakala machipukizi, pakabaki uwanja mpana wa majani mafupi, na hapo tukagundua kwamba Bwana Malale naye ana ugonjwa wake. Kila alasiri alitoka na mfuko wa marungu, akaweka chini mpira mdogo mweupe mfano wa yai la kanga, akaupiga, akaufuata, akaupiga tena. Hakuwa akishindana na mtu. Wazee walinong'ona kwamba labda ni ibada ya kwao.

Katika marungu yale moja alilipenda kuliko mengine. Kichwa chake kilikuwa cha mti, kinene nyuma na bapa mbele, na chini kimepigiliwa kipande cha shaba ili kiteleze juu ya majani. Alitueleza kwamba hilo ni la kupigia mpira uliolala chini katikati ya uwanja, wakati safari bado ni ndefu. Siku moja liligonga jiwe lililojificha kwenye majani, kichwa kikapasuka. Akatuita mimi na Asmani, akasema kila mmoja atengeneze rungu lake, na ambaye rungu lake litafaa atakuwa fundi wa kambi ya wagonjwa: mitumbwi, vitanda, milango, kila kitu. Akatupa na kile kichwa kilichopasuka tukitazame kwa zamu.

Nilikichukua kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikaona jinsi mpini ulivyounganishwa na kichwa kwa mkato wa mshazari, ukatiwa gundi na kuzungushiwa uzi wenye lami. Kazi safi, sikatai. Lakini kisogoni mwa kile kichwa palikuwa na tundu la kadiri ya pingili ya kidole gumba, nalo limejazwa risasi iliyoyeyushwa. Nikacheka peke yangu. Kwa mtu wa mitumbwi, tundu lililozibwa lina maana moja tu: mti ulikuwa na dosari, na mtu ameificha. Kumbe hata Ulaya wanadanganyana. Nikaapa kwamba rungu langu halitakuwa na kiraka.

Nilichonga kichwa cha mvule, moyo wa mti wenyewe, wenye mistari ya kahawia na dhahabu. Mpini nikautoa kwenye mkole ulionyooka. Siku nne nilisugua kwa majani ya msasa, siku ya tano nikapaka mawese. Zuwena alilishika mara mbili bila kuombwa, na siku ile nikala nikashiba.

Siku moja kabla ya majaribio, baada ya sala ya alasiri, Asmani akaja na rungu lake amelifunga kwenye kitambaa. Akavua viatu, akakaa chini ya baraza, sio juu.

"Yaya Amuri," akasema, maana kwao kaka mkubwa huitwa yaya, "nimeleta kazi yangu unipimie. Sijapata kuchonga kitu ya namna hii."

Alikuwa anashindana nami, na bado ameniletea. Desturi ni desturi, alisema, Mzungu ni mpita njia. Nikalifungua.

Kwa jicho nilimshinda, nikapumua. Alikuwa ametumia kisiki cha mpera, rangi yake ya moshi, fundo moja limekaa ubavuni, hakuna urembo wowote. Kisha nikalishika. Uzito wote ulikuwa nyuma ya kichwa, kwenye risasi, maana naye ameyeyusha risasi za gobori kwenye kigae na kuzimimina kisogoni. Nikalipunga kidogo tu. Kichwa kikatangulia mikono yangu, kikashuka mahali nilipotaka kabla sijamaliza kutaka. Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaweka kokwa la mchikichi juu ya majani, nikalipiga. Mkono haukusikia mshtuko wowote. Kokwa likapita juu ya michikichi ya jirani na sikusikia lilipoangukia. Kwa rungu langu nilikuwa nimepiga makokwa ya namna ile siku mbili nzima, na hakuna lililovuka banda la mbuzi.

Hapo nikaelewa. Risasi ile haikuwa kiraka. Ilikuwa ndiyo inayousukuma mpira, kama vile nguvu ya shoka ilivyo kwenye chuma, si kwenye mpini. Yeye ameiona na mimi nimeicheka, wakati kichwa kilekile tulikishika sote wawili. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikarudi barazani nikakaa, nikaligeuza rungu polepole, safari hii si kwa kumringia bali ili nipate muda wa kuwaza.

"Hii ya hapa nyuma ni kitu gani?" nikamuuliza.

"Ni risasi, yaya. Niliona ya Muzungu iko nayo."

"Ya Muzungu muti wake ulikuwa mubovu, wakaziba. Wako iko muzima. Unatia kiraka kwa muti muzima?"

Akasema taratibu kwamba mkononi lilikuwa tamu zaidi likiwa nayo, kuliko alipolijaribu bila risasi. Nikamtazama usoni nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi.

"Itoe, mudogo wangu."

Akaitoa. Pale pale juu ya mkeka wangu, kwa ncha ya kisu, bila kuuliza tena, kwa sababu niliyemwambia ni mimi. Tundu akaliziba kwa kipande cha mpera, akakisawazisha, akanishukuru. "Murakoze, yaya," akasema, akaenda zake. Kile kidonge cha risasi kilibaki barazani. Nikakitia mfukoni mwa kanzu, na jioni ile sahani ya Zuwena niliirudisha ilivyokuja.

Kesho yake uwanjani palijaa watu, hata wagonjwa walitoka kambini wakakaa kando. Bwana Malale akaanza na langu. Akaliweka chini nyuma ya mpira, akainama kulitazama kutoka juu, akasema ni zuri sana, kweli zuri. Akalipungapunga, akakunja uso kidogo. Akapiga mara tatu. Mpira ulikwenda hatua kama themanini, haukuwa wa ajabu, lakini ulikwenda.

Akachukua la Asmani. Hakuinama kulitazama. Akalipunga, nalo bila ule uzito lilikuwa jepesi kama ubua. Akapiga, mpira ukarukaruka kwenye majani mfano wa chura, ukasimama. Watu wakacheka. Akapiga tena, ukaenda pembeni, watu wakacheka zaidi. Asmani alikuwa amesimama mikono nyuma, hanitazami mimi, analitazama rungu lake kama mtu anayemwona mwanawe anasahau jina lake mwenyewe.

"Mti mbovu," akasema Bwana Malale, akalitupa kwenye lundo la vichaka vilivyongoja kuchomwa moto. Langu akaliegemeza begani. Akasema hili litafaa.

Basi nimeshinda. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu mwaka wa mchi. Lakini neno lile lilinikwama. Mbovu! Kama rungu lile lilikuwa bovu, mimi nilishindwa kula kwa ajili ya nini? Katika uwanja mzima hapakuwa na mtu aliyejua lilivyokuwa jana ila mimi na Asmani, na Asmani hakusema. Watu walikuwa wanakicheka kitu ambacho mimi nilikionea wivu. Sikuweza kuvumilia. Sitaki mtu aite hiyo toba, kwa kuwa sikumhurumia Asmani hata kidogo wakati ule. Nililihurumia rungu, na labda nilijihurumia mwenyewe.

Nikaenda kwenye lundo, nikalitoa, nikaingiza mkono mfukoni.

"Bwana, si mubovu," nikasema. "Iko pungufu. Kitu chake ni hiki. Asmani alikitia, mimi nikamwambia akitoe, na nilijua."

Kicheko kikaisha. Bwana Malale akakitazama kile kidonge, akanitazama na mimi, akaagiza kirudishwe. Nilimpa Asmani. Akakipokea bila kuniangalia, akang'oa kile kipande cha mpera, akaigongomea risasi mahali pake kwa kisigino cha shoka, akaifunga kwa uzi. Kazi hiyo aliifanya kwa utulivu nilioutamani hata wakati huo.

Daktari akaupiga mpira. Ukapita visiki, ukapita mahali ulipofika kwa rungu langu, ukapita mitumbwi iliyovutwa ufukweni, ukaingia ziwani. Bwana Malale akacheka kwa sauti, na ndiyo mara ya kwanza tuliyoyaona meno yake. Watu walipiga makofi. Mimi nilisimama na kupatazama pale maji yalipoupokea, na nasema kweli, sijawahi kumwonea Asmani wivu kama dakika ile.

Akawa fundi wa kambi. Nilidhani atanitangaza kila baraza, au atapita mlangoni kwangu akitema mate, nami ningepata pa kushikia chuki. Hakufanya hivyo. Asubuhi yake alinisalimu kwa mikono miwili kama kawaida, na Ijumaa alileta samaki.

Baada ya miezi mitatu nikasikia kwamba amemaliza mtumbwi wa kubebea wagonjwa, mpana, wenye omo, ile pua ya mbele, ambayo mwambao huu haujapata kuiona. Umbo jipya. Nikafagia mbele ya mlango, nikatandika mkeka, nikanawa mikono, nikakaa. Nilimwambia Zuwena asiende kisimani, kwa sababu wabebaji watataka maji ya kunywa wakati naupima. Wakatokea wanaume kumi na wawili wameubeba mabegani, Asmani mbele yao. Nikasimama.

"Amahoro, yaya," akaniamkia kwa heshima zote, akainamisha kichwa, na miguu yake haikupunguza mwendo. Nyuma ya wabebaji walikuwapo wachongaji wawili wa Minago. Nao waliniamkia vizuri, wakapita.

Nikakaa tena juu ya mkeka. Baadaye nikasikia mtumbwi unashushwa ziwani, ule mlio wa kina wa ubavu unapopokea maji, na kwa mlio huo tu nilijua umekaa sawa. Hakuna aliyeniuliza.