Mstari kwenye Dumu la Spiriti

Nianze na ujinga wenyewe, maana hata nikiuficha utajitokeza mbele ya safari. Jumatano moja, siku chache kabla shule hazijafungwa, niliiba nusu lita ya spiriti kwenye dumu la baba lililokuwa jikoni. Niliitia kwenye chupa ya soda, kisha nikaongeza maji kwenye dumu ili pengo lisionekane. Sikuinywa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikifika hapa watu huanza kutabasamu.

Niliipeleka darasani. Monita wetu alikuwa na karatasi ya wapiga kelele, na jina langu lilikuwa la kwanza hata siku ambazo sikuja shule. Nikamwambia leo tunaichoma kesi hadharani. Niliiloweka ile karatasi kwenye spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kama baba alivyowahi kunionyesha nyumbani, nikawasha kiberiti. Moto ukaruka, wa buluu, mzuri ajabu. Monita akashika kichwa. Halafu moto ukafa wenyewe, na karatasi ikabaki nzima, imelowa tu, jina langu likiwa palepale juu kama bendera. Darasa likacheka mpaka shule zikafungwa. Monita hakunishtaki, kwa sababu angeulizwa karatasi ilifikaje mkononi mwangu.

Sasa nieleze kwa nini nyumbani kwetu Kibondo, jikoni kwa mama mlokole, kulikuwa na dumu la lita ishirini la spiriti.

Baba ni mwalimu wa kemia katika shule moja upande wa Kitahana. Si Mha kama wenyeji wa huku, alipangiwa kazi kutoka mbali, akaoa Kasulu, akabaki. Miaka minne iliyopita aliacha pombe. Kabla ya hapo alikuwa akinywa kwa akili nyingi, kama watu wa kemia wanavyofanya mambo yao. Hakuyumba, hakuimba. Alikuwa na chupa ya gongo ndani ya kabati la vitabu, na kila akipunguza anaongeza maji, hivyo chupa ikabaki imejaa miezi na miezi huku yeye akirudi nyumbani macho mekundu. Siku mama alipoipata, alimimina kidogo kwenye kijiko akawasha kiberiti. Haikuwaka. Ilikuwa maji karibu tupu. Mama hakupiga kelele. Alisema siku akikuta tena, atachukua mdogo wangu na begi, atarudi kwao Kasulu, na hatasindikizwa. Baba aliacha siku hiyohiyo. Lakini mama naye akaanza kumnusa. Kila jioni baba akiingia, mama anampokea mkoba, na katika kuupokea anavuta pumzi kidogo tu puani. Miaka minne. Baba anajua, mimi najua, hakuna anayelizungumza.

Basi mtu huyu aliyeacha pombe, katika magari yote ya dunia, akaenda kununua linalotaka pombe.

Lenyewe halikuzaliwa hivyo. Ni gari la zamani la turbo, lililonizidi umri, lilikuwa la ofisa mmoja wa miradi ya kambi ya wakimbizi ambaye mkataba wake uliisha akaliuza. Kwa petroli ya huku ya kupimiwa kwenye chupa za maji, lilikuwa linagonga. Ukilipandisha mlima, injini inatoa mlio kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Baba akaeleza mezani, kwa chaki ya maneno, kwamba turbo inasukuma hewa nyingi ndani, mafuta hafifu yanalipuka kabla ya wakati wake, na ethanoli haina papara hiyo, inavumilia, tena inapoza injini.

"Ethanoli ndiyo nini?" mama akauliza, ingawa alishajua.

"Spiriti."

"Spiriti ndiyo nini?"

Baba akanywa chai.

Walikubaliana kwa masharti ya mama. Spiriti ya kiwanda inayouzwa Kasulu kwa ajili ya majiko itakaa jikoni, siyo stoo wala kwenye gari. Kila ikichotwa, mama awepo. Na mama atachora mstari wa kalamu ya maka kwenye dumu, mahali spiriti ilipoishia. Dumu lilikuwa jeupe, la kupenya mwanga. Kwa muda mfupi likajaa mistari kama rula.

Kazi yenyewe ilifanywa na fundi Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, mwenye karakana ya mabati kwenye soko la kambi. Alibadilisha mipira ya mafuta, maana spiriti inaila ile ya zamani. Akatia pampu yenye nguvu zaidi na injekta kubwa, kwa sababu gari likitumia spiriti linahitaji mafuta mengi kuliko likitumia petroli. Kisha akakaa na kompyuta ndogo mapajani, waya umeingia chini ya usukani, akaifundisha injini upya. Baba alichanganya nusu spiriti nusu petroli, kwa sababu asubuhi za Kibondo ni baridi na spiriti peke yake inagoma kuwaka.

Gari likawa jipya. Likawa pia linanuka. Moshi wake ulikuwa na harufu tamu ya kilabu cha pombe, na tukipita mtaani wazee wa kilabuni walikuwa wakigeuka kwa heshima. Jirani yetu, mama mmoja wa kwaya, alimuuliza mama dukani mbele za watu, "Shemeji siku hizi anaendeleaje?" Akalivuta lile neno "anaendeleaje" mpaka likachoka. Mama akasema anaendelea vizuri, akalipa chumvi, akaondoka bila kuichukua.

Nami nilikuwa namtazama baba. Sina uhakika nilitaka kumkuta na nini. Akikaa kimya, nilimshuku. Akicheka, nilimshuku zaidi. Jioni moja alikohoa mara tatu nikahesabu.

Turudi Jumatano. Nilipojaza maji, mkono ulizidi. Nilijaza kwa jagi, gizagiza la jikoni, nikafunga kifuniko nikaenda zangu. Asubuhi ya Alhamisi nikamkuta mama amechuchumaa mbele ya dumu. Kidole gumba kilikuwa kwenye mstari wake, na spiriti ilikuwa juu ya mstari, unene wa kidole kizima.

Spiriti imeongezeka. Yenyewe, usiku, kama mtoto anayekua.

Nikajua nimekwisha. Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikisubiri aniite. Hakuniita. Hakuchora mstari mpya. Alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akatazama dirishani ambako baba alikuwa anafuta kioo cha gari huku anapiga mluzi. Alimtazama muda mrefu. Hapo ndipo ilinijia kwamba hanifikirii mimi kabisa. Anaifikiria ile chupa ya kwenye kabati la vitabu.

Ningesema wakati ule. Ilikuwa kutoa mswaki tu na kusema. Nikasukutua.

Siku mbili zilizofuata mama alikuwa mpole, jambo ambalo nyumbani kwetu si dalili njema. Mdogo wangu alipelekwa Kasulu Ijumaa na shangazi, eti akaanze likizo mapema. Jumamosi tungemfuata sisi watatu, tukae siku mbili turudi. Lakini begi la mama la siku mbili lilinivunja bega nikilibeba. Nikasema, "Mama, umeweka mawe?" Akasema, "Weka polepole." Kwa kuwa mimi ni mimi, nilivuta zipu kidogo alipogeuka. Juu ya nguo kulikuwa na bahasha ya kaki ninayoifahamu. Mna vyeti vyake vyote, na cha ndoa. Mtu haendi na cheti cha ndoa kusalimia kwao.

Nilifunga zipu.

Kabla ya kuondoka baba alileta dumu nje, akaweka mrija kwenye tanki, akamimina lote. Huwa anageuza uso pembeni akimimina, kama mtu anayemvua bandeji mgonjwa. Siku zote niliona ni ushahidi. Mtu asiye na hatia anageuzia nini uso? Mama alisimama hatua mbili kutoka kwake, mikono kifuani, akimwangalia usoni tu. Hakuangalia dumu hata mara moja.

Gari liliwaka. Tulipita Kifura vizuri, tukapita Busunzu. Mbele tukakuta kizuizi cha polisi, na askari akainama dirishani akarudi nyuma nusu hatua.

"Mwalimu, umeanza saa ngapi leo?"

"Ni gari, afande. Linatumia spiriti."

"Kila mtu ana cha kusingizia. Wewe ndiye wa kwanza kusingizia gari."

Baba akaambiwa ashuke, apulize kwenye kiganja cha afande. Afande akanusa kiganja chake, akaenda nyuma akanusa moshi, akarudi akanusa kiganja tena. Alitaka kuelezwa habari ya turbo yote toka mwanzo, na baba, akiona mwanafunzi, akaeleza. Injini ikazimwa. Tukakaa nusu saa nzima. Mama alikuwa siti ya mbele, hajageuka, lakini kwenye kioo cha pembeni alikuwa akimfuatilia baba anavyosimama, kama anayumba.

Tulipowasha tena gari likakohoa. Likaenda kwa kuruka ruka kama mbuzi aliyefungwa miguu, likapandisha kilima kimoja, cha pili likakataa. Tulikuwa hatujafika Makere. Baba alifungua boneti, akatazama, akafunga, akafungua tena. Akampigia fundi wake simu, na kwa kuwa kambi haiko mbali, baada ya saa moja fundi alikuja kwa bodaboda, amepakata mfuko wa spana kama mtoto.

Hakugusa injini. Alichomoa mpira wa mafuta, akakinga chupa ya maji ya kunywa, iliyo tupu na safi, akaijaza na kuisimamisha juu ya boneti. Tukaizunguka. Mwanzo ilikuwa na ukungu. Halafu, taratibu, ikagawanyika. Juu rangi ya manjano, chini kitu cheupe kama maji, na katikati mstari umenyooka kuliko yote aliyowahi kuchora mama.

"Papa, ona," fundi akasema. "Juu ni essence, petroli yenu. Huku chini alkoli imekamatana na mayi, imeshuka pamoja. Gari ikitembea inachanganyika kidogo. Ikisimama, inaachana. Pompe inavuta chini, moteri inakunywa mayi."

"Maji yametoka wapi?" baba akauliza. Nilimsikiliza sauti. Ilikuwa sauti ileile aliyotumia miaka ile, ya mtu anayeshangaa kwa adabu. Sikujua kama wasio na hatia nao wana sauti hiyo.

Mama alikuwa ameshuka, begi liko miguuni pake kando ya lami. Basi la kwenda Kasulu lilikuwa linapanda kilima, na nikaona anavyolitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Jumatano. Nilichota nusu lita nikatia maji. Ya kuchezea shuleni, sikunywa. Nilizidisha ndiyo maana ikapita mstari."

Basi likatupita na vumbi lake. Baba alinigeukia akanitazama kama mfungwa aliyeletewa barua ya kuachiwa huru. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kosa langu lilikuwa zawadi.

Fundi akatikisa kichwa. Akaishika ile chupa, akaiinamisha, akaisimamisha. "Hapana, petit, mtoto wangu. Chupa moja ya soda haiwezi kuua hii moteri. Hii mayi ni mingi. Litre tatu, pengine na zaidi."

Nilihesabu tena kichwani, kama makosa ni ya hesabu. Nusu lita ni yangu, na jagi lile halikuzidi sana. Zilizobaki zilikuwa za nani?

"Mimi sijagusa," baba akasema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Mama nanihii, naapa, sijagusa."

Nami nilimtazama, na nitalisema hapa kwa sababu sikulisema pale: sikumwamini. Nimekiri, nimejitoa, na bado nilikuwa nimesimama pembeni ya baba yangu nikivuta pumzi puani, kama mama.

Mama akainama, akafungua begi. Akaweka bahasha ya kaki pembeni, juu ya lami, akazamisha mkono chini ya nguo, akatoa dumu dogo la mafuta ya alizeti. Ndani hakukuwa na mafuta ya alizeti. Alilifungua, na harufu ya kilabu ikatuzunguka wote wanne. Akampa fundi. Kisha akairudisha bahasha ndani ya begi, akavuta zipu mpaka mwisho, akampa baba begi alibebe, na akasema hivi, neno kwa neno:

"Hizo lita tatu za maji nilitia mimi juzi, nikachota hii, nimjaribu. Angekuwa anaonja, angejua ni maji tangu jikoni, asingekuja kuambiwa barabarani. Fundi, mwaga hayo ya chini, utie hii. Na wewe wa chupa ya soda, pita nyuma usukume."