Nilivyomtetea Mwizi wa Urusi

Bado nina hasira na nafsi yangu. Asubuhi skafu yangu ilipotea, nikaondoka bila hiyo kumpelekea Eriki chakula chuoni, hapa Dallas. Ni mdogo wangu. Wazazi walipofariki niliacha shule nikamlea. Nilimkuta mbele ya darasa, mikono imefungwa, mwalimu akiwauliza wenzake mmoja mmoja.

"Huyu ni mwizi?"

"Mwizi!"

Kwetu tulikotoka, majirani wakishasema hivyo, mtu haponi. Nikakimbia kumfungua. "Huyu haibi! Nimemlea mwenyewe!"

Darasa likacheka. Mwalimu akaeleza kwamba ni igizo la Urusi ya kale, ambako neno la majirani lilitosha kumpeleka mtu kwenye mateso mpaka akiri.

"Dada, kaa basi!" Eriki akanong'ona.

Fundo lilikuwa limeshalegea mkononi mwangu. Lilikuwa la skafu yangu.